Matoka ya Mlangoni

5 Oktoba

Mvua ya vuli imeanza leo alasiri, kabla sijashusha mizigo. Mama alitoka jikoni na gunia kichwani, akanikumbatia, akanipokonya begi na kulipeleka moja kwa moja jikoni. Sikumuuliza kwa nini. Tangu tumzike Baba, mwaka jana mwezi wa tatu, Mama hajalala ndani ya nyumba kubwa hata siku moja. Kitanda chake kiko kwenye jiko la nje, kati ya kuni na mafiga, na ng'ombe akikohoa zizini yeye anamjibu kwa kukohoa.

Kikohozi hicho ndicho kilichonileta. Daktari alisema moshi umemkaa kifuani, na akiendelea kulala nao hautatoka. Kaka yangu Muchangi, anayelima ndizi Mitunguu, ameshasema lake. Hati ya shamba iko kwa jina lake, na kama kufikia sikukuu ya Jamhuri, Desemba, Mama hajahamia nyumba kubwa, atauza shamba na nyumba amchukue akae naye. Muchangi si mtu mbaya, ila hapendi kitu kikae bure. Lakini Mama akitolewa huku Kianjokoma kwenye ukungu, apelekwe kule kwenye joto, nyumbani kwa mkaza mwanawe, sijui atabaki Mama gani.

Kwa hiyo nimefunga chumba changu Embu mjini na nimepanda huku kwa miezi miwili. Kazi yangu ni kuvalisha nyumba. Mtu akiwa na nyumba ya kuuza ambayo hakuna anayeitaka, ajenti hunipigia simu. Naingia na mapazia yangu, mito, vioo na mikeka, na baada ya siku mbili nyumba inapendeza mpaka mwenyewe anaanza kujuta. Nimefanya hivyo miaka tisa kwa watu nisiowajua. Ya Mama itanishindaje?

Kitabu hiki nimekipata kabatini, cha maandalio ya kazi, hakijaandikwa hata neno. Baba alikuwa mwalimu mkuu na alikuwa navyo vingi. Ninaandikia sebuleni, peke yangu, na mvua juu ya mabati ni kubwa mpaka siisikii pumzi yangu.

6 Oktoba

Kanisani Mama aliimba mstari mmoja, akakohoa miwili. Mvua.

8 Oktoba

Nimefungua madirisha yote. Mawili yalikuwa yamekwama na nikayapiga kwa mwiko wa ugali.

Sebule ya Baba ni kama chumba cha kungojea daktari. Viti saba vya sofa vimepangwa ukutani vikitazamana, kila kimoja na kitambaa chake cheupe kilichofumwa na Mama. Ukuta ni samawati ya mafuta kutoka chini hadi kiunoni, juu yake manjano iliyopauka. Kalenda za kanisa zimetundikwa moja juu ya nyingine, na ya chini kabisa ni ya mwaka niliozaliwa. Kuna kabati la vioo lenye vikombe vya wageni, maua mekundu pembeni, ambavyo sikuwahi kunywea. Juu ya mlango, picha ya Baba akiwa amevaa tai, anatazama nani anaingia.

Ukungu uliingia kupitia madirisha wakati bado nimesimama katikati. Uliingia polepole, ukavikalia viti vyote saba, ukakaa kwa heshima kabisa. Nilijikuta nataka kuukaribisha chai.

11 Oktoba

Rangi. Nilikuja na makopo ya mabaki niliyokusanya kwenye kazi za mjini. Nyeupe ipo nusu, ya maziwa kidogo, na ile ya kahawia ambayo mteja mmoja aliikataa akidai inamkumbusha uji. Nimezichanganya zote kwenye karai. Imetoka rangi isiyo na jina, kama maganda ya ndani ya yai la kienyeji. Nilipaka tangu asubuhi mpaka mkono ukakataa kuinuka.

Mama alikuja mpaka barazani, akasimama na kikapu cha maharagwe aliyotaka kuanika.

"Nani anakuja?" akauliza.

"Hakuna mtu anakuja, Mama."

"Na unapaka nyumba?"

"Napaka tu."

Akatikisa kichwa, akaanika maharagwe yake barazani, akarudi jikoni. Hakuingia.

15 Oktoba

Tulichuma kahawa kutwa nzima. Vidole vinanata hata kwenye kalamu.

18 Oktoba

Ninavyofahamu mimi, chumba kidogo hupumua ukivuta viti kutoka ukutani. Nimevivuta. Vitatu vimeelekea dirishani, viwili vimegeukiana kama marafiki, na viwili vilivyochakaa nimevipeleka chumba cha kulala. Vitambaa vya Mama nimevichemsha kwenye sufuria ya majani ya chai, vikatoka na rangi ya asali. Magunia ya kahawa yaliyotoboka nimeyafua, nimeyaunga na sindano ya gunia, nimepata zulia. Shuka za mtumba nilizonunua Embu, zile nyembamba za kijani kibichi, ndizo mapazia. Kioo cha kabati la nguo lililovunjika mguu nimekisimamisha mkabala na dirisha, na sasa chumba kina mashamba mawili ya kahawa, moja nje na jingine ukutani.

Mama alisimama barazani. "Nani anakuja?"

"Mami, kwani lazima mtu akuje?"

"Nyumba haivalishwi bure," akasema, akaenda kukamua.

20 Oktoba, Jumapili

Baada ya kanisa alipita Mzee Ndambiri, jirani yetu wa upande wa chini. Yeye na Baba walikuwa wanakaa barazani kila Jumapili wakisoma gazeti moja, huyu kurasa za mbele, yule za michezo, kisha wanabadilishana. Alichungulia mlangoni, kofia mkononi.

"Mukami, hii nyumba imekuwa kama ya muzungu."

"Karibu ndani, Mzee."

"Ala! Na hizi viatu?" Akacheka. "Mimi nitaanguka kwa hiyo kapeti ya gunia, mseme nimelewa."

Akakaa barazani pale pale pa zamani. Mama alimletea chai kutoka jikoni, akampa, akarudi. Niliona kitu ambacho nimekiona maisha yangu yote bila kukiona. Mama alimpa kikombe akiwa amesimama. Hakukaa.

24 Oktoba

Kumenyesha tangu jana na leo saa kumi kukafunguka ghafla. Jua likaingia kupitia mapazia ya kijani, likajaa chumbani mpaka kila kitu kikawa kana kwamba kiko chini ya maji. Viti, kabati, zulia la magunia, mikono yangu. Nilikaa chini katikati ya sebule na sikusogea. Nilijiona mtoto, nimelala kwenye sakafu hii ya baridi, nikisikia sauti ya Mama ikitoka jikoni ikiuliza kama wageni wameongezewa sukari. Siku zote sauti yake ilitoka nje. Nilidhani ndivyo nyumba zilivyo, kwamba mama ni sauti inayokuja kutoka upande wa moshi.

Nilipiga picha kabla jua halijaondoka. Nimezituma kwenye kundi letu la familia. Muchangi amejibu kwa mioyo sita na neno moja: "Wueh!"

29 Oktoba

Mvua, mvua. Mama amekohoa mpaka akashika mlango. Nimemwomba alale ndani leo tu. Amesema kesho.

30 Oktoba

Amesema kesho.

2 Novemba

Nimegundua kinachokosekana. Ndani kumekamilika, lakini mbele ya nyumba ni udongo mtupu na kuku. Mwanamke anayekuja nyumbani lazima aone nyumba ikimngoja.

Mama alikuwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Nikashuka shambani kutafuta chochote kinachochanua, maana maua ya kununua si ya watu kama sisi. Chini kabisa, pale kahawa yetu inapokutana na majani chai ya Mzee Ndambiri, nikayaona matoka. Maua yale makubwa meupe yenye mistari ya waridi, yenye kiazi kama kichwa cha mtoto. Mvua ilikuwa imeyaamsha. Yalikuwa yamejipanga mstari mrefu ndani ya magugu, mengine yana vikonyo tayari, na hakuna wa kuyatazama isipokuwa fuko. Niliyahurumia, kusema kweli.

Nimeng'oa kumi na saba. Viazi vilikuwa vimeshuka chini sana, nikachimba na jembe, kisha panga, kisha mikono. Manyunyu yalikuwa yananiangukia shingoni na sikujali. Nimeyapanda mbele ya baraza kwa kamba, yamenyooka sawasawa kutoka kona hii ya nyumba hadi ile, hatua moja kutoka ngazi. Nimenawa, nimekaa ngazini. Sijawahi kuvalisha nyumba ikanyamaza kwa raha namna hii.

3 Novemba, Jumapili

Mama alirudi jana jioni wakati ninapika. Nilitoka kumwona atakavyofurahi. Alisimama mbele ya matoka na Biblia kwapani, akayatazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilingoja aulize nani anakuja. Hakuuliza. Aligeuka, akaingia jikoni, akafunga mlango.

Leo amekwenda kanisani bila kuniita.

6 Novemba

Hasemi. Ugali ananiwekea, chai ananimiminia, lakini hasemi. Nilifikiri labda amezidiwa na uzuri. Watu wengine hunyamaza hivyo. Nina mteja mmoja aliyelia.

Lakini leo nimemtazama. Maharagwe yake hayaanikwi tena barazani. Ameyaanika juu ya turubai nyuma ya zizi, pasipo na jua. Na akienda kwenye tangi la maji, lililo pembeni mwa baraza, anazunguka nyuma ya nyumba yote, mteremko wote ule wenye utelezi, na ndoo mbili.

9 Novemba

Yamechanua! Yote usiku mmoja. Asubuhi nimefungua mlango nikakutana na ukungu mweupe na ndani yake maua meupe, sikujua kipi kinaishia wapi. Harufu yake tamu imeingia mpaka kabatini, mpaka kwenye vikombe vya wageni. Nimetembea viatu mkononi. Nimepiga picha ishirini na kuzituma.

Jioni. Muchangi amepiga simu.

"Mukami, uko juu! Nimepata mtu."

"Mtu gani?"

"Wa nyumba. Nesi amestaafu, anaitwa Kaari. Ameona hizo picha zako akasema ndio hiyo alikuwa anaota. Anakuja Jumamosi ijayo kuangalia."

"Muchangi, tulisema mpaka Jamhuri!"

"Mama ameingia?"

Nikatazama mlango wa jikoni.

"Ameingia ama hajaingia? Umemaliza mwezi mzima hapo unapaka rangi. Juzi nimempigia, anakohoa hata hawezi kuongea. Unataka tumzike na yeye kwa hiyo jikoni?"

"Zile picha zilikuwa zetu. Nilizituma tuone sisi!"

"Basi watu wameona," akasema, bila ubaya wowote. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nimekaa sebuleni nimetazama kazi yangu. Kila kitu kiko pale ambapo ningekiweka kama ningekuwa nimelipwa niiuze.

11 Novemba

Leo nitaandika yote, hata yanayonichoma.

Mzee Ndambiri alikuja saa tatu asubuhi, peke yake, na fimbo. Si Jumapili, wala hakuvaa kofia. Alisimama mbali, karibu na zizi.

"Mukami, mimi nilikuja kuuliza kitu moja. Nimeamka kuangalia chai yangu huko chini, nikapata mashimo. Kumi na saba. Nikafikiri ni nguruwe." Akanyoosha fimbo kwenye baraza. "Sasa naona nguruwe yenyewe."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikasema, "Mzee, yalikuwa yamezibwa na magugu. Huku yanaonekana."

Hakucheka. Alikaa juu ya kigogo cha kukatia kuni, akaniambia. Kabla sijazaliwa, yeye na Baba hawakusalimiana miaka miwili kwa ajili ya hatua moja ya ardhi. Hatua moja! Walikwenda kwa chifu, wakaenda kwa pasta, wakatukanana sokoni. Mwisho wazee waliwakalisha, wakala mbuzi mmoja, na wao wawili wakashuka pale chini wakapanda matoka pamoja, huyu akichimba, yule akiweka. Waliapa kwamba mstari ule hautaguswa na wao wala mtu wa nyumba zao. Kutoka siku hiyo ndipo gazeti moja.

"Mimi na baba yako hatukuweka simiti, wala waya," alisema. "Tuliweka hiyo. Itoka haifi. Ukiikata inarudi, ukichoma inarudi. Lazima mtu akuje aing'oe na mikono yake. Na mtu akiing'oa, huyo anasema vita imerudi. Sasa wewe, mtoto wa Mbaka, nilitaka kujua kama imerudi."

Nilitaka kusema sikujua, na nilisema, na maneno yalitoka madogo kabisa. Nimezaliwa hapa. Nimekula matunda ya shamba hili. Ninajua rangi kumi na nne za nyeupe kwa majina yake ya dukani, na sikujua mpaka wa nyumbani.

"Haijarudi, Mzee. Ni mimi tu na ujinga wangu."

"Ujinga iko na dawa," akasema, lakini macho yake yalikuwa yamelowa. "Mimi nilipoona mashimo nililia. Nikajiambia, sasa Mbaka amekufa kabisa."

Hapo Mama akatoka jikoni. Hakuwa amezungumza nami siku tisa.

"Ndambiri, huyu hakukosea wewe peke yako," akasema. Kisha akanigeukia mimi, akaniita "mama" kwa lugha yetu, vile anavyoniita akiwa hana hasira, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Maitu, unajua umenifanyia nini? Umeniwekea mpaka kwa mlango. Nimerudi kutoka kanisa nikapata mtu amenichorea: wewe Felicitas, yako inaishia hapa. Mimi nitavuka matoka aje? Hata nikiwa mwizi siwezi."

"Mama, nilitaka uingie!"

"Niingie kwa nani?" Akakohoa, akashika nguzo ya zizi, akangoja kifua kitulie. "Mimi nilikuwa naingia kwa hiyo nyumba nikibeba chai. Miaka arobaini. Naweka chai, nachukua vikombe, natoka. Usiku naingia watu wakiwa wamelala, asubuhi natoka kabla hawajaamka. Baba yenu hakunikataza, hapana. Alikuwa mtu mzuri. Lakini hiyo ni nyumba ya Mwalimu Mkuu na wageni yake. Sasa Mwalimu ameenda. Nitaingia nikae kama nani? Halafu wewe unakuja unapaka, unapanga, naangalia, nasema hii ni kama ya wageni zaidi ya ile ya kwanza. Ndio nauliza, nani anakuja? Unasema hakuna. Na mimi naona wazi kuna mtu."

Mvua ilianza na hakuna kati yetu aliyesogea. Nililia mbele yao wote wawili. Nililia kwa sababu alikuwa amesema kweli, na kwa sababu Jumamosi mtu huyo anakuja kweli.

Nilimwambia hilo pia, kuhusu Muchangi na picha. Alisikiliza. Alisema tu, "Basi nitamwekea chai."

12 Novemba

Nilitaka kuyarudisha matoka leo. Mzee Ndambiri amekataa. Hayarudishwi na mtu mmoja kama viazi vitamu. Lazima pande mbili zisimame, na mtoto wa kwanza wa nyumba yetu awepo. Muchangi anakuja Jumamosi. Yakae hadi hapo.

14 Novemba

Maua ya kwanza yameanza kulegea. Sijawahi kuomba kitu kizuri kinyauke haraka hivi.

16 Novemba, Jumamosi

Kaari ni mwanamke mrefu, mpole, mwenye viatu vya kufaa shamba. Alipoteremka kwenye gari la Muchangi alishika mdomo. "Ni kama kwa picha," akasema. Muchangi alinikonyeza kama vile tuko pamoja katika jambo hili.

Alizunguka nyumba, akagusa tangi, akauliza juu ya maji na barabara. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na chupa ya chai. Kisha Kaari akaja mbele, kwenye ngazi, akainua mguu, akaurudisha chini.

"Hizi matoka zinafanya nini hapa?"

"Ni maua tu," akasema Muchangi. "Sista yangu anapenda maua."

"Mimi nimekaa Nairobi miaka mingi, lakini nimezaliwa Runyenjes," akasema Kaari. "Kwetu hii si maua tu. Zimetoka wapi?"

Mimi nikajibu. Nilisema nimeyang'oa kwenye mpaka, kumi na saba, kwa mikono yangu. Muchangi alinitazama kana kwamba nimevua nguo mbele ya watu.

Kaari alimwangalia Mama, akaangalia kile kitanda kinachoonekana jikoni nyuma yake. Alikuwa nesi, nadhani alimsikia kifua kabla hajamsikia jina.

"Na Mama analala wapi?" akauliza.

"Hapa," akasema Mama.

Kaari hakuvuka. Alikwenda jikoni, akainama mlangoni, akakaa kwenye kigoda, akanywa chai ya Mama vikombe viwili. Nilisikia wakiongea juu ya mafuta ya kusugua kifua na kuhusu wajukuu. Alipotoka alimwambia Muchangi kwa upole, "Kijana, nyumba ni nzuri. Lakini siwezi nunua shamba ambayo mpaka wake umetembea, na mama ya mtu hajaingia ndani. Nitalala hapo namna gani?"

Kisha akaniambia mimi, akinishika mkono, "Kazi yako ni safi sana." Sijui kwa nini hilo liliniuma kuliko makemeo.

17 Novemba, Jumapili

Muchangi alilala kwenye gari kwa hasira. Asubuhi alikuwa na shingo iliyopinda. Mama alimkanda kwa maji ya moto. Baada ya kanisa tulishuka chini.

Ukungu ulikuwa mzito hata mwisho wa shamba haukuonekana, tulikuwa tunatembea kuelekea kitu cheupe. Mimi na Muchangi tulibeba matoka kwenye magunia, maua yake yakiwa yamenyauka na kuning'inia. Mzee Ndambiri alikuwa anatungoja kwenye mashimo, na kofia safari hii. Mama alikuja nyuma na chupa ya chai na vikombe, kama kawaida yake, akataka kusimama pembeni.

Muchangi alisogea mbele. "Mzee, hati iko kwa jina langu. Nasimama mimi."

"Hati ni ya serikali, na mimi naiheshimu," akasema Ndambiri. "Wewe unalala wapi?"

"Mitunguu."

"Usiku maji yakibeba huu mpaka, nani ataamka asikie?"

Muchangi akarudi nyuma hatua moja.

"Nataka mtu analala hapa. Felicitas, weka hiyo chai chini."

Mama aliangalia huku na huku kutafuta pa kuiweka. Mimi niliichukua. Nadhani ni mara ya kwanza maishani mwangu nimempokea Mama chupa ya chai mbele ya wageni.

Akasimama kwenye shimo la kwanza, upande wetu, mzee upande wake. Ndambiri akachimba, Mama akaweka. Walikwenda hivyo shimo kwa shimo, Muchangi akifukia na mimi nikikanyagia udongo, na hatukuwaona vizuri mbele yetu kwa ukungu, tuliwasikia tu, jembe na kikohozi, jembe na kikohozi. Kwenye shimo la kumi na saba Ndambiri alisimama wima.

"Mimi upande wangu ni chai, na boma yangu, na wajukuu, na ile mti ya mugumo imekauka. Basi. Na wewe useme yako, kama vile Mbaka alisema."

"Yangu ni kahawa," akasema Mama. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na ndizi. Na ng'ombe na ndama yake. Na tangi. Na jikoni."

"Endelea."

"Na kaburi la Mbaka."

"Endelea, Felicitas. Kuna kitu imebaki na ni kubwa, naiona hata na huu ukungu."

Mama alifuta mikono kwenye leso. Alifuta kila kidole. Muchangi alikuwa amesimama na udongo mkononi, amesahau kuutupa.

"Na nyumba," akasema Mama.

"Ya nani?"

"Yangu."

Ndambiri akachukua udongo, akafukia la mwisho. Tukanywa chai pale pale, tumesimama wote wanne, na kikombe cha Mama nilimimina mimi. "Hiyo ya Jamhuri," Muchangi akamwambia Mama, "tusahau." Kisha akaenda kutafuta mti wa kusimama nyuma yake mpaka macho yakauke.

19 Novemba

Mbele ya baraza kumebaki mfereji wa udongo mwekundu. Kuku wameshaurudia. Mama ameanika maharagwe barazani.

22 Novemba

Leo Mama alikuja mpaka mlangoni, akavua ndala, akaingia. Hakuwa amebeba kitu. Alisimama katikati ya zulia la magunia, mikono ikining'inia, hajui aiweke wapi. Nilitaka kumwonyesha kila kona. Nilijiuma ulimi.

"Hii kiti," akasema baadaye, "inaangalia wapi?"

"Kahawa, Mami. Mandhari."

"Kahawa naijua. Igeuze niwe naona ng'ombe."

Nimekigeuza.

27 Novemba

Mapazia ya kijani yameondoka. Yanamfanya aonekane mgonjwa, amesema. Kigoda cha jikoni kimeingia na kimewekwa juu ya zulia langu. Kioo kimepelekwa zizini kwa sababu kuku walikuwa wanaingia dirishani kupigana na sura zao, na huko ndama anakilamba. Vitambaa ametaka virudi kuwa vyeupe, nimevifua mara tatu na vimekataa, basi amevisamehe. Picha ya Baba ameitoa juu ya mlango na kuitundika kando ya kiti chake. "Hapo juu alikuwa anachoka," alisema.

Sebule sasa haieleweki. Hakuna ajenti Embu nzima angeipiga picha. Sijaipiga.

2 Desemba

Mvua inapungua. Kitanda kimehamia. Tulikibeba mimi na Mzee Ndambiri, akilalamika kuhusu kapeti. Hakuanguka.

9 Desemba

Siku saba Mama amelala ndani. Kikohozi kipo, lakini asubuhi hii nimekisikia kutoka chumba cha pili, ndani ya ukuta mmoja na mimi, na nimelala nikikisikiliza kwa furaha kama mtu anayesikia mvua ya kupandia.

11 Desemba

Kesho ni Jamhuri na kesho kutwa ninashuka mjini, kuna nyumba inaningoja. Nilikuwa nje asubuhi nikikunja magunia. Jua lilikuwa limetoka safi, mlima wote uko wazi, na huko chini mstari wa matoka umeanza majani mapya. Nikasikia vyombo vikigongana sebuleni. Nikachungulia dirishani.

Mama alikuwa amefungua kabati la vioo. Alitoa kikombe kimoja chenye maua mekundu, akakipangusa kwa leso, akakiinua kwenye mwanga, akakipangusa tena. Akamimina chai. Akaweka sukari, akakoroga polepole.

"Mama," nikamwita kutoka nje, "nani anakuja?"

Akakaa kwenye kiti chake, akautazama uwanja wake, zizi lake, mimi.

"Ameshafika," akasema, na akanywa.